Mtoto Asiyeponyeka Naye Ana Kwao

Leo tunawazungumzia wagonjwa wadogo kuliko wote hospitalini, ambao pengine hata akika yao haijafika: watoto wachanga waliopimwa, wakaangaliwa na daktari zaidi ya mmoja, na mwisho ikaonekana kwamba dawa ya kuwaponya haipo. Yumo humo mtoto aliyechelewa kuvuta pumzi wakati wa kuzaliwa, ubongo ukaumia vibaya, akawa hawezi kunyonya wala kumeza na degedege halimwachi. Yumo aliyezaliwa na moyo wenye kasoro ambayo hata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam haiwezi kuirekebisha. Yumo mwenye hitilafu ya kromosomu ambayo wengi wanaozaliwa nayo hawafikishi mwaka. Familia ya mtoto kama huyo, katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, huwa na njia mbili. Ama mtoto abaki wodini mpaka siku yake ifike, ama waambiwe wamchukue tu nyumbani, na wakishatoka langoni hakuna tena anayeuliza hali yake. Ninachokishikilia mimi ni kwamba iko njia ya tatu, kwamba ni ya haki zaidi kuliko hizo mbili, na kwamba Unguja ina karibu kila kinachohitajika ili kuifuata. Njia hiyo ni tiba shufaa ya nyumbani, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeponyeka: mtoto anarudi kwao, na huduma inamfuata huko huko. Kurudishwa nyumbani ni jambo moja, na kuuguzwa nyumbani ni jambo jengine kabisa.

Tuanze na maumivu, maana hapo ndipo hoja nzima inaposimama. Mpaka miaka ya 1980 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu haijakomaa. Kwa imani hiyo watoto njiti walipasuliwa kifua huku wamepewa dawa ya kulegeza misuli na usingizi hafifu tu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliolitikisa jambo hilo. Watoto njiti waliokuwa wakifungwa mshipa karibu na moyo wote walipewa gesi ya kulaza na dawa ya kulegeza misuli, lakini kundi moja likaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Waliopata nyongeza hiyo miili yao haikutaharuki kama ya wenzao, na baada ya upasuaji walipatwa na matatizo machache zaidi. Tangu hapo hakuna tena udhuru wa kusema kichanga hajui kitu. Muuguzi aliyefunzwa huyasoma maumivu usoni: nyusi zinakunjana, macho yanafumbwa kwa nguvu, kidevu kinatetemeka, vidole vinajikunja au vinatanuka vikakakamaa. Na hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Mtoto ambaye ubongo wake umeumia sana, au aliyechoka kwa ugonjwa, pengine halii kabisa. Watu wa nyumbani wanamwona kanyamaza, wanashukuru kwamba ametulia, kumbe hana tu nguvu za kulia. Asiyefundishwa hawezi kulijua hilo, na ndiyo sababu kumpa mama mtoto wake bila kumpa maarifa ni kumwacha peke yake na jambo asiloliweza.

Sasa huduma yenyewe ya nyumbani ikoje? Haina mitambo. Sehemu yake kubwa ni mikono na maneno. Muuguzi anamfundisha mama kukamua maziwa kikombeni, kuyavuta kwa bomba lisilo na sindano, na kuyapitisha taratibu kwenye mpira mwembamba unaoingia puani mpaka tumboni, mtoto akiwa ameinuliwa kichwa na kifua. Kwenye mpira ule, pale unapotokea puani, huwekwa alama ya kalamu. Kabla ya kila mlo mama anaitazama, na kama imesogea halishi, anapiga simu. Anafundishwa kumlaza mtoto ubavu ili mate yatoke yasimpalie, kumpaka midomo ikikauka, kumgeuza asipate vidonda. Anapewa dawa ya degedege na kuonyeshwa kipimo chake. Mtoto mwenye maumivu makali au anayehangaika kwa kukosa pumzi hupewa mofini ya maji, matone machache ndani ya shavu. Kipimo cha mchanga ni kidogo mno, hata ukilinganisha uzito, kwa kuwa ini na figo zake bado haziwezi kuitoa dawa mwilini haraka. Kwa hiyo hupangwa na aliyesomea, na pumzi za mtoto huangaliwa. Zaidi ya hayo familia inapewa karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: nini cha kutarajia, nini cha kufanya pumzi zikibadilika usiku wa manane, na nani wa kumpigia simu. Karatasi hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko dawa zote, kwa sababu hofu ya kutojua ndiyo inayowafanya watu wakodi gari saa nane za usiku kumkimbiza hospitali mtoto ambaye wangetaka afie mikononi mwao.

Unguja ni kisiwa chenye urefu wa kilomita zipatazo 85 tu, lakini kwa mama aliyejifungua juzi umbali huo ni mkubwa. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, inatazama bahari. Anayetoka Makunduchi au Nungwi ana safari ya gari ya shamba ya zaidi ya kilomita 50, na wa Tumbatu anaanza kwa chombo hadi Mkokotoni ndipo apande gari. Mila zetu zinamtaka mzazi awe ndani siku arubaini, kwa mama yake mzazi aghalabu, akandwe, alishwe vya moto, apumzike. Mama wa mtoto mahututi anazikosa siku hizo zote. Anakaa kwenye benchi la wodi na mshono haujapona, analetewa chakula kwa zamu, na watoto wengine wamebaki kwa bibi. Baba anaruhusiwa saa za kutazama wagonjwa, babu na bibi pengine hawamwoni mjukuu wao hata mara moja. Nyumbani mtoto huyo huyo angekuwa na watu. Angeadhiniwa, angepewa jina mbele ya jamaa, na siku ya saba ikimkuta angali hai angefanyiwa akika kama nduguze. Wanaotazama tiba kwa vipimo vya maabara peke yake hulipita jambo hili haraka. Mtoto atakayeishi wiki tatu ana wiki tatu za kuwa mtoto wa watu fulani, mjukuu wa fulani, mdogo wake fulani, na mahali pa kuyaishi hayo ni kwao.

Na nyenzo zipo. Katika mpango wa Jamii ni Afya, Wizara ya Afya Zanzibar ina wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000, Unguja na Pemba, wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na simu yenye programu inayowaongoza swali kwa swali, na kazi yao kubwa ni kina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaijua milango ya shehia zao. Wakati UKIMWI ulipokuwa haujapatiwa dawa za kutosha, wagonjwa wengi wa visiwa hivi na wa Bara waliuguzwa majumbani na watu waliopewa mafunzo, wakipelekewa dawa na vifaa. Tanzania Bara, Hospitali ya Kilutheri ya Selian kule Arusha ilianza huduma ya tiba shufaa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Muheza, Tanga, ikafuata. Uzoefu huo haukuwa wa vichanga, ni kweli, lakini kiungo kinachokosekana ni chembamba: muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyesomea tiba ya watoto wasioponyeka, mwenye chombo cha kumfikisha kwao, na mwenye daktari wa watoto Mnazi Mmoja wa kumuuliza kwa simu. Mhudumu wa kujitolea hatakiwi kupima mofini. Anatakiwa kupita kila siku mbili tatu, kuuliza maswali machache, kutazama ile alama ya kalamu, na kumwita muuguzi mapema.

Yako mapingamizi, na mengine ni ya watu wema. La kwanza ni la imani: je, kusema mtoto haponyeki si kumkatia tamaa, na uhai uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu? Uhai uko mikononi mwake, na hakuna tiba shufaa inayodai vingine. Huduma hii haikatishi maisha wala haiyarefushi kwa mateso. Inamhudumia mtoto kwa muda aliopangiwa, uwe siku nne au miaka minne. Kutafuta dawa ni jambo linalohimizwa katika Uislamu, na kuondoa maumivu ni dawa. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim kabla hajaachishwa ziwa, akamlilia kwa machozi huku ameridhia amri ya Mola wake. Kuridhia, basi, hakuhitaji kujifanya hakuna linalouma. Kuhusu mofini, wanazuoni wengi wanaruhusu dawa za namna hiyo pale dharura ya kitabibu inapozilazimu. Ingefaa Ofisi ya Mufti na maimamu wa mitaani waliseme hili waziwazi, kwa sababu mama aliyekabidhiwa chupa ya dawa na akashuku kwamba ni haramu atamwacha mtoto aumie, na atajiona amefanya la kheri.

Pingamizi la pili linahusu mofini hiyo hiyo, na hapa Zanzibar lina uzito wake. Visiwa hivi vimeumizwa na heroini. Familia nyingi za mjini zimepoteza kijana. Anayeuliza kama si hatari kuweka dawa ya jamii hiyo majumbani anauliza swali la haki. Lakini tazama hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa hapa Unguja. Pale ipo kliniki ya methadoni, dawa ya jamii ile ile, ambapo wanaoacha heroini wanapewa kipimo chao kila siku, kwa daftari na mbele ya macho ya muuguzi. Zanzibar tayari inajua namna ya kuitunza, kuihesabu na kuitoa dawa kali ya maji. Uganda, kwa kazi iliyoanzwa na Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga huchanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu zake zijulikane kwa kutazamwa tu, ile ya kijani ikiwa dhaifu kuliko zote. Na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Kerala, India, ambako majahazi ya kaskazi yalikuwa yakitoka kuja kwetu tangu zama, mtandao wa tiba shufaa unaobebwa na watu wa kujitolea umekuwa ukipeleka mofini majumbani tangu miaka ya 1990. Daktari M. R. Rajagopal na wenzake walifuatilia kwa miaka miwili wagonjwa zaidi ya 1,700 waliotumia mofini ya kunywa, na katika ripoti yao ya 2001 hawakukuta dawa iliyovujia mitaani. Tena chupa ya mtoto wa kilo tatu ina dawa kidogo mno, na ni dhaifu. Kinachobaki hurudishwa kwa muuguzi na kuandikwa. Tunaweza kuweka ulinzi mkali na bado mtoto akapata tone lake.

Wengine watasema: nchi ambayo bado inapoteza watoto wanaoweza kuokolewa isitumie pesa kwa wasioweza. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba Tanzania kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi, wengi kwa sababu za uzazi wa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Nakubali kwamba kuwaokoa hao ndiyo kazi ya kwanza. Ila hoja hiyo inachukulia kwamba kazi hizi mbili zinanyang'anyana, na kwa kiasi kikubwa si kweli. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akiwa amefungwa kwa kanga, kunamtuliza mtoto anayekufa. Na utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, Muhimbili ikiwa miongoni mwa hospitali zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wa uzito mdogo kwa robo. Kulisha kwa mpira, kukamua maziwa, kutambua pumzi mbaya ni ujuzi ule ule. Muuguzi anayeujua ataokoa anayeokoleka na atamtuliza asiyeokoleka. Na kila mtoto anayeuguzwa kwao anaacha kitanda kwa mwengine. Kuhusu dawa, jopo la The Lancet lilikadiria mwaka 2017 kwamba kuziba pengo lote la dawa ya maumivu kwa watoto wa chini ya miaka 15 katika nchi maskini kabisa duniani kungegharimu dola milioni moja kwa mwaka. Kwa nchi hizo zote pamoja. Fedha si udhuru hapa.

Lipo pingamizi ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote: je, kama daktari amekosea? Mtoto akaandikwa haponyeki, akapelekwa Makunduchi, kumbe upasuaji ungemfaa? Hofu hii ni ya kweli kwa watoto wenye kichwa maji na mgongo wazi. Zamani wengi wao walifichwa ndani mpaka wakafa. Tangu 2014 Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, na mtoto aliyewahishwa pale anaweza kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, akakua, akaenda skuli. Kumpeleka mtoto kama huyo nyumbani na dawa ya maumivu kabla ya daktari wa upasuaji kumtazama ni kosa ambalo halifai kuitwa tiba shufaa. Basi kanuni iwe hii: uamuzi usiwe wa mtu mmoja, usifanywe usiku wa kwanza, uandikwe, na wazazi waelezwe kwa utulivu wakiwa wamekaa, baba na mama pamoja, wala si mlangoni. Na mlango wa kurudi usifungwe. Mtoto akionyesha dalili njema apimwe tena. Jambo la kutia moyo ni kwamba huduma ya nyumbani yenyewe ndiyo inayomgundua mtoto wa aina hiyo, kwa sababu kuna mtu anayemtazama. Aliyetolewa wodini na kuachwa hakuna atakayejua kama hali yake imebadilika.

Sitaki kuipamba nyumba kupita kiasi. Ziko nyumba za chumba kimoja watu saba, ziko zisizo na maji, uko ugomvi wa ndoa unaochochewa na mtoto mgonjwa, na uko ukatili wa wale wanaomnong'ona mama kwamba kuna alilolifanya. Watoto wengine hufa ndani ya saa chache, na hao hawana haja ya safari. Wapewe kona ya faragha wodini, mama na baba wamshike. Mama mwengine anajua hawezi, na ana haki ya kusema hawezi bila kulaumiwa. Kazi nzima isimwangukie yeye kwa sababu tu ni mwanamke na yumo arubainini. Hata hivyo nyumba zetu zina kitu ambacho miji mikubwa ya ulimwengu imekigharamia ili kukipata tena. Uingereza ilifungua nyumba ya kwanza ya kuwauguza watoto wasioponyeka, Helen House kule Oxford, mwaka 1982, ili familia zilizokuwa peke yao zipate wa kupokezana nao. Kwetu wa kupokezana wapo: mama mkubwa, shangazi, somo, jirani wa ukuta wa pili. Wanachokosa ni kufundishwa, na kuambiwa na mtu wa hospitali kwamba wanalolifanya ni tiba.

Na huduma isiishe mtoto anapofariki. Siku mbili tatu baada ya maziko, maziwa ya mama bado yanajaa. Kifua kinakuwa kigumu, kinauma, nguo inalowa wakati wa hitma, na hakuna aliyemwambia afanye nini. Muuguzi arudi siku hiyo. Amwonyeshe kukamua kidogo kidogo ili apate nafuu bila kuchochea maziwa mapya, avae kitu cha kukishika kifua vizuri bila kukibana, aweke kitambaa cha baridi, apate dawa ya maumivu yake mwenyewe. Amuulize anakula, analala. Azungumze na baba pia, ambaye mara nyingi keshatoka kwenda kazini na watu wamempa pole mara moja wakamaliza.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mwaka 2014 likizitaka nchi ziitie tiba shufaa katika huduma zao za kawaida, kwa umri wote wa maisha, na umri wote unaanza siku ya kuzaliwa. Naiomba Wizara ya Afya Zanzibar ianze na wilaya moja, kupitia hospitali ya Kivunge au ya Makunduchi: wauguzi wawili wafunzwe, mofini ya watoto iwepo pale pale na kanuni iwe wazi ni nani wa kuiandika, wahudumu wa kujitolea waongezewe maswali machache kwenye simu zao, na Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa 2023 uihesabu ziara ya nyumbani kuwa huduma inayolipiwa. Ndani ya mwaka mmoja tutajua kipi kinafaa na kipi hakifai. Na wewe msikilizaji, ukisikia jirani yako karudi na mtoto ambaye hospitali imesema haponyeki, usiende kuuliza amerogwa na nani wala kumtajia mganga. Muulize mtoto anaitwa nani, mpelekee mama uji, mfulie zile nepi, na kama unaweza, mpokee mtoto usiku mmoja ili yeye apate kulala.